Kasha la Kando ya Kitanda

Tarehe 4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba yale mafua yameisha, maana Jumapili sauti yako kwenye simu ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila goti lake linamsumbua mvua ikikaribia. Cherehani amehamishia sebuleni, karibu na dirisha, kwa hiyo sasa hakuna anayepita mtaani bila kumsalimia, na asiyesalimia anajadiliwa hadi jioni.

Najua utashangaa kupata barua wakati tumezungumza juzi tu. Lakini unajua simu ya nyumbani ilivyo. Nikiishika, mama anakumbuka kwamba kuna kitu anakitafuta mlangoni pangu. Mengine siwezi kuyasema huku mtu anatafuta.

Jambo lenyewe ni hili. Vidole vinaniacha. Daktari alituambia ugonjwa huu wa misuli ungeanzia huko, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba kazi ya vigae sikuiacha kwa sababu tenda zilipungua, kama nilivyowaambia. Niliiacha kwa sababu vigae vilikuwa vinaniponyoka. Cha mwisho kilivunjikia bafuni kwa mwenye nyumba, mbele ya vibarua wangu. Wale wale walionipachika jina la Pimamaji, kwa vile kipimo changu hakinitoki mkononi, siku ile hakuna aliyeniita kwa jina lolote.

Nataka kufanya kazi moja zaidi kwa mikono hii kabla haijakataa kabisa. Nataka kuunda kompyuta ya gemu. Si kununua iliyofungwa, Dada, kuunda: kasha peke yake, ubao peke yake, feni peke yake, na mimi ndiye nivikutanishe. Sijawahi kuunda hata redio, lakini nimetazama video mpaka macho yamekuwa mekundu. Nataka kucheza mpira tena, hata kama ni mpira wa kwenye kioo.

Iwe ndogo. Kasha lisizidi boksi la viatu. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii, na tafadhali usivizidishe hata kwa unene wa ukucha. Huko kwenu kuna mtaa mzima wa maduka ya kompyuta, huku hakuna hata moja. Akiba yangu nimekutumia yote, kwa hiyo usianze kunihurumia kwa mfuko wako.

Mama usimwambie habari za vidole. Yeye anasema nimechoka tu.

Mdogo wako,
Pimamaji


Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yameisha, na asante kwa mlango. Mimi ni mzima, kazi ni ile ile. Ghala limejaa saruji hadi kwenye paa, na kila jioni nikijitazama kwenye kioo naona nimezeeka nywele kabla ya umri. Nimehamia chumba kingine. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, lakini hakivuji, na mwenye nyumba haingii bila kubisha hodi. Mwambie mama kitambaa chake cha mapazia nimekipata, kitakuja na mzigo huu.

Barua yako niliisomea ghalani, nimekaa juu ya mifuko. Nilimaliza nikabaki pale pale mpaka dereva wa lori akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana.

Basi nikaenda kwenye huo mtaa. Muuzaji alipoona vipimo vyako akaniuliza boksi hilo la viatu ni la mtu mzima au la mtoto. Akanieleza kwamba udogo ndio ugumu wenyewe. Kwenye kasha dogo mkono hauingii vizuri, waya hazina pa kupita, na ukikosea kitu cha chini lazima ufungue vyote vya juu. Anayeanza, alisema, achukue kasha kubwa. Mimi naona hata hilo ni kujitesa. Kuna laptop nzuri, unaifunua unacheza. Niruhusu nikununulie hiyo, mambo yaishe.

Lakini kichwa chako nakijua tangu kilipokuwa hakina nywele. Kwa hiyo nimekutumia kasha na kile kisanduku cha kugawa umeme, kwa lori la saruji linalokuja huko. Nieleze tu kwa nini iwe ndogo hivyo. Meza yako si ile ile ya kulia chakula?

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada,

Shikamoo. Mzigo umefika salama, pamoja na vumbi lenu la saruji, ambalo mama amelifagia huku akilisema vibaya. Kitambaa amekipenda ingawa kasema rangi umeichagua kama mtu aliyekuwa na haraka. Amekwisha kukikata.

Kasha ni zuri kupita nilivyotarajia. Nimeligeuza na kuligeuza. Bati lake ni jembamba lakini pembe zimekaa sawa, nimezipima zote. Aliyelitengeneza anajua kazi. Nimefunga kisanduku cha umeme peke yangu, skrubu zote. Ilinichukua asubuhi nzima, maana vidole viwili vya kushoto siku hizi nimeviacha vifanye vitakavyo, na skrubu zenyewe ni ndogo kama mbegu za nyanya. Moja ilidondoka, mama akaiokota na kuniuliza kama ni ya cherehani yake. Nikamwambia si yako. Akakaa akitazama. Kisha akarudi kwenye mapazia.

Laptop sitaki. Usinielewe vibaya, najua unataka kunipunguzia. Lakini mimi kwa miaka yote nimeingia kwenye vyumba vya watu vikiwa vumbi tupu, nikatoka vikiwa sakafu. Nikiletewa kitu kilichokwisha, nitakuwa mgonjwa aliyeletewa zawadi. Bado sijafika huko.

Meza ni ndogo, ndiyo sababu. Tuma ubao mkuu na chipu yake, memori, na ile kadi fupi ya picha niliyokutajia, inayochora gemu kwenye kioo. Na ile dawa ya kijivu ya kupoozea, inayopakwa kati ya chipu na feni.

Pimamaji


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo, ila tumepata bosi mpya anayehesabu mifuko tuliyokwisha kuihesabu. Mwambie mama rangi ile niliichagua kwa utulivu kabisa, tatizo ni macho yake.

Vitu vyote vimo ndani ya sanduku hili, nimevizungushia matambara. Ubao usiushike kwa nguvu. Kabla ya kuushika gusa chuma, muuzaji amesisitiza, umeme wa mwilini unaweza kuuua. Nilimuuliza kama anajua mtu wa kuja kukufungia akasema yupo, angekuja hata kesho. Nikasema nitakuuliza kwanza. Basi nakuuliza.

Meza ninayoikumbuka mimi ilitosha watu sita, na shangazi akija, saba. Sitakuuliza tena, lakini ujue sikuridhika.

Unaniuliza kwenye simu nitakuja lini. Kazi zimenibana kwa sasa. Labda mwisho wa mwaka.

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Tuko salama. Mama alikwenda arusi ya binti wa mwenye duka, akarudi na malalamiko ya kumtosha mwezi mzima. Nimeandika kwa kalamu nene kwa sababu nyembamba inanikimbia, kwa hiyo usihesabu kurasa ukadhani nina mengi.

Nimeharibu. Wacha nikueleze jinsi nilivyoharibu, utacheka kwanza.

Chipu nimeiweka vizuri. Memori zimeingia, zikalia kama kufuli. Ikabaki ile dawa ya kupoozea. Video zote zinasema weka tone dogo, kama punje ya mchele, basi. Mimi nikatazama lile tone nikasema huyu anafanya kazi ya mzaha. Kigae ukikibandika kwa tone moja la gundi katikati, chini kunabaki uwazi, na mtu akikanyaga pembeni kinapasuka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofundisha wengine. Basi nikachukua kadi ya zamani ya benki, nikaikata meno kama mwiko wetu wa kupakia gundi, nikamimina bomba zima, nikapiga mistari. Ilipendeza, Dada. Mistari imenyooka, kona zimejaa. Nikaweka feni juu na kukaza skrubu nne kwa zamu, kama ninavyokaza kila kitu.

Dawa yote ikatoka pembeni. Imeingia chini ya chipu, kwenye zile pini ndogo ambazo hazifai hata kupuliziwa pumzi. Nilipowasha, feni ilizunguka mara moja ikasimama. Sasa lazima nitoe kila kitu, nisafishe pini moja moja, nirudie upya.

Mara ya kwanza nilikuwa na mikono ya kunitosha. Mara ya pili sijui.

Huyo mtu wa muuzaji asije.

Pimamaji


Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mistari ya mwiko. Nilimsimulia muuzaji, naye kasema kwenye biashara yake hajawahi kusikia mtu aliyejengea sakafu juu ya chipu. Kisha nikafika pale unaposema mara ya pili hujui, na kicheko kikaisha.

Nimeweka spiriti ya kusafishia, brashi laini, na dawa nyingine. Safari hii punje ya mchele.

Lakini leo si hilo. Juzi nilipiga simu ukiwa umelala, akapokea mama. Tuliongea ya kawaida, goti, mapazia, halafu likamtoka: eti siku mliyokwenda kutazama kile kituo ulimwaibisha, ulitoa utepe wako ukaanza kupima kabati la watu. Nikamuuliza kituo gani. Akasema chai inachemka, akakata simu. Nikampigia tena, hakupokea.

Kituo gani, mdogo wangu? Kabati la nani? Nijibu kwa kalamu nene, kwa neno moja, vyovyote, lakini nijibu.

Dada yako


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Mwandiko huu unaujua, ni wa mama. Mimi nasema, yeye anaandika, na tumekubaliana haruhusiwi kubadilisha neno. (Sikukubali. Nilinyamaza tu. Mama.)

Shikamoo. Umepiga simu mara nyingi na mara zote nimekwambia tutaongea. Nilikuwa nasubiri mkono unipe siku moja nzuri nikuandikie mwenyewe. Haikuja.

Kituo kipo nje kidogo ya mji. Kina wauguzi, kina watu wa kunyoosha viungo, na kina vitanda vya watu kama mimi. Kando ya kila kitanda kuna kabati dogo la chuma, na juu ya kabati ndipo mtu anapoweka vitu vyake vyote vya duniani. Nilipima pale juu. Vipimo vya nyuma ya barua yangu ya kwanza vilikuwa vya hapo. Mama alidhani tumekwenda kutazama tu, lakini nilijiandikisha Januari ile ile bila kumwambia mtu, na Novemba kitanda kitakuwa wazi. Nilitaka niingie pale nikiwa nimebeba kitu nilichokiunda mimi, wakitazame kabla hawajanitazama.

Siendi kwa kuwa nimechoshwa na nyumba. Naenda kwa sababu mama hawezi tena kuninyanyua. Mwezi wa sita alinitoa bafuni tukaanguka wote wawili. (Hatukuanguka. Niliteleza. Mama.) Tulikaa sakafuni tukacheka. Kisha nikaona jinsi alivyoshika kiuno akijifanya anatafuta ndala yake, na kicheko kikanikauka.

Mashine iko mezani, wazi, vile vile. Spiriti yako sijaifungua. Bisibisi siwezi kuishika tena. Mama alijitolea mara mbili, nikamkatalia kwa ukali. (Kwa ukali sana. Mama.) Mama, nisamehe, na hilo liandike. Nilitaka iwe kazi ya mikono yangu. Ikifungwa na mtu mwingine, sijui nitakuwa nimeunda nini. Kila asubuhi naitazama, na linaloniuma si ugonjwa, ni hilo.

Na wewe mbona huji? Sikulaumu. Nauliza.

Pimamaji

Mwanangu, nimeandika kila alichosema ingawa mengine yalinichoma. Chumba chake kipo na kitakuwepo. Hakuna mtoto wangu atakayelala kwa watu wasiojua anataka sukari kiasi gani kwenye chai yake. Hayo ya Novemba mimi siyajui na sitaki kuyasikia. Amechoka tu. Njoo umwambie. Mama.


Tarehe 14 Septemba

Mdogo wangu, na mama pia, maana najua utamsomea,

Siulizi habari leo, mmenieleza zote.

Sikuja kwa sababu naogopa. Likizo ninayo, imelala tangu mwaka jana. Mikono yako ndiyo iliyonifundisha kuendesha baiskeli, ingawa wewe ndiye mdogo, na sikutaka kuiona ikishindwa kushika kijiko. Niliona afadhali nitume vipuri. Kila sanduku nililokupakia lilikuwa njia ya kutokuja. Ndiyo hivyo, nimelisema.

Mama, hajachoka. Anaumwa, na hatapona. Naomba tuanze kulisema hivyo ndani ya nyumba yetu, ili asiwe analibeba peke yake.

Sasa wewe, nikuulize kitu. Ule ukumbi mkubwa wa mikutano, ulikotupeleka mimi na mama tukautembee pekupeku, vigae vyake viliwekwa na nani? Ulikuwa na vibarua wanne. Nusu ya ile sakafu hukuigusa. Ulisimama na kipimo chako ukiwafokea, kilichopinda ukaking'oa, na walipomaliza ukatuambia hii ni sakafu yangu. Hakuna kibarua aliyebisha. Wao wenyewe walisema ni ya Pimamaji.

Basi nakuja mwishoni mwa Oktoba kuwa kibarua wako. Kazi siijui hata kidogo, kwa hiyo jiandae kufoka.

Dada yako


Tarehe 11 Novemba

Mdogo wangu,

Nimefika salama, safari ilikuwa ndefu lakini nilipata kiti cha dirishani. Barua hii nimeiandikia anwani ya kituo, kwa hiyo ukiipata utakuwa umelala tayari kwenye kitanda kipya. Nipe habari zake. Niambie godoro likoje, jirani yako anakoroma au la, na kama wamekwisha kuitazama.

Wiki ile yote nilikuwa naona aibu kukwambia jinsi nilivyofurahi. Hujawahi kunitukana vile maishani. Nilipinda waya ukaniambia niifungue. Nikakwambia iko ndani, hakuna atakayeiona, ukaniuliza kama hata ghalani napanga mifuko hivyo. Nikaifungua. Zile pini nilizisafisha kwa brashi siku mbili huku wewe umefungiwa tochi kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha pazia la mama, ukinimulikia. Mkono wako ulitetemeka na mwanga ukatetemeka nao, na kila ulipotetemeka ulisema, "Subiri." Nikasubiri. Hiyo dawa ya kupoozea ulinifanya nilete punje halisi ya mchele jikoni tulinganishe. Na nilipokaza skrubu ya mwisho hukunisifu, ulisema kesho nisichelewe kazini.

Lakini ninaandika kwa ajili ya jambo moja ambalo wewe hukuliona, kwa sababu ulikuwa umetupa mgongo.

Ulituambia turudi nyuma, unawasha mwenyewe. Mimi na mama tukasimama karibu na mlango. Kile kitufe ni kidogo, kimetengenezwa kwa ncha ya kidole. Ulijaribu kwa kidole, kikateleza. Ukajaribu kwa kifundo, kasha likasogea. Ukapumzika. Ukajaribu tena, nikasikia pumzi zako, na mimi sikuweza kuvumilia. Nilinyoosha mkono na kupiga hatua. Ilikuwa kazi ya kugusa tu.

Mama alinidaka. Huyo huyo ambaye asubuhi ile alikuwa amekuvalisha soksi kabla hujaamka vizuri, ili usijaribu mwenyewe. Alinishika kiganja kwa nguvu nisiyojua bado anayo, akaninong'oneza sikioni.

"Mwache. Yuko kazini."

Tukasimama. Uliegemea mbele, ukaliegemeza kasha ukutani, ukaweka kiwiko juu ya kitufe na kukilalia kwa uzito wako wote. Taa ikawaka. Feni ikaanza kuzunguka na haikusimama. Hukugeuka, na sisi hatukukuita. Mama alikuwa bado amenishika, analia bila sauti, na mimi nalia naye, mpaka ulipotuuliza kama tumelala huko nyuma.

Baadaye ulipokuwa unacheza, ukibonyeza kwa viganja na kulalamika kwamba refa amenunuliwa, nilimfuata jikoni. Alikuwa ameweka maji motoni. Mwaka mzima hajawahi kulitaja lile neno kituo isipokuwa siku ile lilipomtoka. Akaniuliza, akiwa ameinamia beseni, gari la kituo linakuja saa ngapi Jumatatu. Nikamwambia asubuhi. Akasema basi itabidi afue leo, maana anataka mashuka yako yawe yamekauka.

Dada yako, kibarua wako